Kati ya Jicho na Ulimi: Tukio Linavyogeuka Kuwa Sentensi

Asubuhi moja ya msimu wa zabibu, karibu na Soko la Majengo jijini Dodoma, pikipiki ilikata kona kwa ufupi mno, gurudumu la mbele likagusa ukingo wa beseni lililokuwa juu ya kigoda, beseni likapinduka na zabibu zikatawanyika hadi katikati ya barabara. Jambo lote halikuchukua sekunde mbili. Mama aliyekuwa akiziuza alisimama akapaza sauti: "Kanimwagia zabibu zangu!" Kijana wa bodaboda, hata kabla hajateremsha stendi ya pikipiki yake, alisema: "Nimemwa... zimemwagika, mama, nisamehe." Fundi viatu aliyeketi hatua chache kutoka hapo, mkono wake ukiwa bado hewani umeshika sindano, aliwapa taarifa waliokuwa wakiuliza: "Bodaboda imegonga beseni."

Wote watatu walikuwa wameliona tukio lile lile, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Hata hivyo, sentensi zao hazifanani kabisa. Ya kwanza ina mtenda, kitendo, kitu na mtu aliyepata hasara. Ya pili imebakiwa na zabibu peke yake, utadhani ziliamua zenyewe kushuka barabarani. Ya tatu ina chombo na beseni, na zabibu hazimo. Nimezirudia sentensi hizo akilini kwa muda mrefu kuliko inavyostahili ajali ya beseni moja, kwa sababu zinaonyesha vizuri kuliko mifano mingi ya vitabuni swali ambalo wataalamu wa isimu saikolojia, yaani wanaochunguza akili inavyotengeneza na kuelewa lugha, wamelishughulikia kwa zaidi ya nusu karne: mtu aliyeona jambo hulipitisha njia gani hadi litoke kinywani mwake likiwa maneno?

Jibu ambalo wengi wetu tungelitoa bila kufikiri ni kwamba wazo limo kichwani likiwa tayari ni sentensi, na kazi ya kinywa ni kuisoma kwa sauti. Ingekuwa hivyo, watu watatu walioona kitu kimoja wangesema kitu kimoja. Ukweli ni kwamba kilichomo kichwani baada ya kutazama hakina mpangilio wa maneno hata kidogo. Mlio wa breki, rangi ya beseni, uso wa kijana, zabibu zinazobingirika na hofu ya kukanyagwa huwa vimo kwa pamoja, kama ng'ombe walivyosimama zizini asubuhi, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Maneno, kwa upande wake, hayawezi kutoka kwa pamoja. Sauti moja hutangulia nyingine, na neno hufuata neno, kama ng'ombe hao wanavyolazimika kupita mmoja mmoja kwenye mlango wa zizi. Kwa hiyo kabla ya kusema chochote, lazima kuwe na anayeamua nani atangulie, nani afuate na nani abaki ndani. Uamuzi huo ndio tunaoufanya maelfu ya mara kwa siku bila kuutambua.

Mtaalamu wa Uholanzi, Willem Levelt, mwaka 1989 aliichora kazi hiyo katika hatua ambazo mpaka leo watafiti wengi huanzia kwake, hata wale wanaompinga. Kwanza msemaji hutengeneza ujumbe, yaani huamua ni sehemu ipi ya alichokiona inastahili kusemwa na kwa ajili ya nani. Kisha huuvalisha ujumbe huo lugha: hutafuta maneno, huyaweka katika sarufi na kuyapa sauti zake. Hatimaye hutamka. Wakati wote huo kuna sikio la ndani linalokagua kinachotoka. Hatua hizi hazisubiriani kama watu kwenye foleni ya benki. Sehemu ya kwanza ya ujumbe ikishapatikana tu hutumwa mbele, na huku kinywa kinatamka mwanzo wa sentensi, mwisho wake bado unashonwa.

Kazi ya kutengeneza ujumbe huanza kwa kukata. Ulimwengu hautuletei matukio yaliyofungwa kwenye vifurushi. Unatuletea mtiririko usiokatika, na sisi ndio tunaosema "hapa limeanza, hapa limekwisha". Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani, Darren Newtson, aliwaonyesha watu filamu za mtu akifanya shughuli za kawaida, akawaomba wabonyeze kitufe kila walipoona kitendo kimoja kimeisha na kingine kimeanza. Ingawa hawakuwa wamepewa kanuni yoyote, watu walielekea kubonyeza katika nyakati zilizokaribiana, hasa pale mwendo ulipobadilika ghafla. Fundi viatu wetu alikata palepale gurudumu lilipogusa beseni, akaishia hapo. Mama alikata baadaye kidogo, zabibu zilipofika chini. Tofauti hiyo ya sehemu ndogo ya sekunde ndiyo iliyoamua kwamba sentensi moja ingekuwa na kitenzi cha kugonga na nyingine cha kumwaga.

Baada ya kukata, inabidi kuchagua atakayekuwa kiima. Hapa jicho lina sauti kubwa kuliko tunavyodhani. Mmarekani mwingine, Russell Tomlin, aliwaonyesha watu picha za kompyuta ambamo samaki wawili wanaelekeana na mmoja anammeza mwenzake, huku mshale ukiwaelekeza watazamaji wamwangalie mmoja wao. Walioelekezwa kwa mmezaji walisema kwamba samaki huyu kammeza yule. Walioelekezwa kwa mmezwaji waligeuza sentensi ikawa ya kutendwa, kwamba yule kamezwa na huyu. Mwaka 2000, Zenzi Griffin na Kathryn Bock walipima mwendo wa macho ya watu waliokuwa wakieleza michoro ya matukio, wakaona kwamba jicho hutua kwa mhusika na karibu milisekunde 900 (pungufu kidogo ya sekunde) baadaye jina lake hutamkwa, kisha jicho huhamia kwa mhusika wa pili kabla ya jina la wa kwanza kwisha kutamkwa. Ukitaka kujua mtu atasema nini sekunde moja ijayo, angalia anatazama wapi sasa.

Nafika kwenye kitenzi, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa maana Kiswahili kimejaza maamuzi mengi ndani ya neno moja kiasi kwamba tukilifungua neno hilo tunaona karibu mtambo wote ukifanya kazi.

Chukua "kanimwagia". Katika Kiswahili sanifu tungeandika "amenimwagia", lakini mtu aliyemwagiwa zabibu hana muda wa usanifu. Kiambishi cha mwanzo kinasema kuna mtenda, ni mmoja, na yumo katika ngeli ya watu. Hapo hapo kinabeba habari kwamba jambo limekwisha kutendeka. Kiambishi "ni" kinamleta msemaji mwenyewe. Mzizi "mwag" ni kitendo. Kile kijisauti "i" kinachofuata, ambacho wanasarufi wanakiita cha kauli ya kutendea, kinasema kwamba kitendo kimemwangukia mtu fulani, kwa faida yake au kwa hasara yake. Angalia mpangilio wake: "ni" inatangulia mzizi, ilhali uhalali wa kuwepo kwake unatoka kwenye "i" iliyo baada ya mzizi. Mama asingeweza kuitamka "ni" kwa maana aliyoikusudia kama hakuwa tayari ameshaamua kwamba mwishoni ataweka "i". Ushahidi wake ni rahisi: akiisahau, neno litakuwa "kanimwaga", na hilo mtaani ni lalamiko la mtu aliyeachwa na mpenzi wake. Kwa hiyo angalau kitenzi kizima kilikuwa kimepangwa kabla ya silabi ya kwanza kutoka. Wanaochunguza lugha ambazo vitenzi vyake ni vifupi hubishana sana kuhusu ukubwa wa kipande kinachopangwa kwa mara moja. Mzungumzaji wa Kiswahili hana uhuru mkubwa hapo, maana sarufi inamlazimisha aone mbali kidogo.

Sasa tazama sentensi ya fundi viatu. Alisema "bodaboda imegonga". Angeweza pia kusema "bodaboda amegonga", na kila mtu wa Dodoma angemwelewa, kwani neno hilo moja linamtaja mwendeshaji na pikipiki yake vilevile, kama ambavyo watu husema "bajaji kaniacha" wakimaanisha dereva. Nomino haikubadilika, kilichobadilika ni kiambishi cha upatanisho, na kiambishi hicho ndicho kinachoamua kama aliyegonga ni mtu au ni chuma. Sidhani fundi alikaa akapima. Lakini alikuwa jirani wa mama na pia mtengenezaji wa viatu vya vijana wa kijiwe cha bodaboda kilichokuwa upande wa pili, na "i" ilimfaa kuliko "a". Ujumbe hauundwi kwa yale yaliyoonekana tu, bali pia kwa kumfikiria atakayeusikia.

Kijana naye alikimbilia kauli ya kutendeka. Lugha yetu ina jozi nyingi za namna hiyo: kumwaga na kumwagika, kuvunja na kuvunjika, kupindua na kupinduka, kuchana na kuchanika. Upande wa pili wa kila jozi unalieleza badiliko lilivyotokea bila kumtaja mtenda wala kumwachia nafasi. Si sawa na kauli ya kutendwa, ingawa wengi huzichanganya. Ukisema "beseni limepinduliwa", hujamtaja mtu, lakini umekiri kwamba yupo, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Unaweza hata kuongeza "kwa makusudi". Ukisema "beseni limepinduka", hakuna wa kuulizwa, na maneno "kwa makusudi" hayakai hapo.

Je, uchaguzi huo unaishia kinywani, au unarudi nyuma na kugusa kumbukumbu? Caitlin Fausey na Lera Boroditsky, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwaonyesha wazungumzaji wa Kiingereza na wa Kihispania video za mtu akivunja au kumwaga vitu, mara nyingine kwa kukusudia na mara nyingine kwa bahati mbaya. Kwa matendo ya makusudi, makundi yote mawili yalimtaja mtenda na kumkumbuka kwa kiwango kilekile. Kwa yale ya bahati mbaya, wazungumzaji wa Kiingereza walielekea kusema kwamba fulani kavunja, na wale wa Kihispania, ambao lugha yao ina njia nyepesi ya kusema kitu kimevunjika, walimtaja mtenda mara chache zaidi. Baadaye walipoulizwa ni nani alikuwa kwenye video ya ajali, wazungumzaji wa Kihispania hawakumkumbuka vizuri kama wenzao. Utafiti huo haukuhusu Kiswahili, na ingekuwa haraka mno kudai kwamba sisi tunawasahau waliovunja vikombe vyetu. Ninachokiona ni kwamba lugha yenye kauli ya kutendeka iliyo hai kama yetu ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo.

Kwa upande wa msikilizaji, athari ya kitenzi ilipimwa mapema zaidi. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, wakawauliza yalikuwa yakienda kwa mwendo gani, wakibadilisha kitenzi tu katika swali. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, cha kubamizana, walikadiria kwa wastani maili 40.5 kwa saa; walioulizwa kwa kitenzi chepesi, cha kugusana, walikadiria maili 31.8. Katika jaribio la pili, wiki moja baada ya filamu, watu 16 kati ya 50 waliosikia kitenzi kizito walisema waliona vioo vilivyovunjika, ilhali wale wa kitenzi cha kawaida cha kugonga walikuwa 7 kati ya 50. Kwenye filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika.

Maamuzi haya ambayo lugha humdai msemaji ndiyo yaliyomfanya Dan Slobin, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, azungumzie fikra ya aina maalumu: ile inayofanyika wakati wa kujiandaa kusema. Hakudai kwamba lugha inatufungia ulimwengu. Alidai jambo dogo zaidi na, kwa maoni yangu, la busara zaidi: kwamba mtu anapotaka kusema, inabidi aviangalie vipengele vya tukio ambavyo sarufi yake itamtaka avitaje, hata kama kwa shughuli nyingine asingevihitaji. Yeye na wenzake waliwapa watoto na watu wazima wa lugha mbalimbali kitabu kimoja cha picha kisicho na maneno, kuhusu mvulana anayemtafuta chura wake, wakaona kwamba picha zilezile zilizaa masimulizi yenye uzito tofauti kulingana na lugha.

Mfano ulio karibu nasi ni mwendo. Kiingereza hupenda kuweka namna ya kwenda ndani ya kitenzi, na mwelekeo hukiachia kijineno cha pembeni. Kihispania hufanya kinyume: kuingia, kutoka, kupanda na kushuka ni vitenzi vyenyewe, na namna huongezwa ikihitajika. Kiswahili kimekaa upande wa Kihispania. Tunasema "aliingia sokoni akikimbia" au "alitoka mbio". Ukisema "alikimbia ndani ya soko", msikilizaji hatakuelewa kwamba mtu huyo alikuwa nje akaingia. Ataelewa kwamba alikuwa humo humo, akizunguka kati ya meza za nyanya. Kwa hiyo mwenyeji wa Kiswahili anapomwona mtu akivuka kizingiti, kuvuka kwenyewe ndiko kunakotangulia kudai kitenzi, na kukimbia kunasubiri zamu yake, wakati mwingine kunaachwa kabisa.

Mkoa wa Dodoma ni mahali ambapo tofauti hizi zinaishi jirani kwa jirani. Mgogo, Mrangi, Mburunge na Msandawe wanaweza kukutana kwenye mnada mmoja, wakiwa wanatoka nyumbani na lugha za familia tatu tofauti. Kigogo na Kirangi ni za Kibantu, Kiburunge ni ya Kikushi, na Kisandawe, yenye sauti za kidoko, yaani zinazotolewa kwa kupiga ulimi, kimezoeleka kuwekwa pamoja na lugha za Kikhoisani. Katika Kisandawe kitenzi kwa kawaida huja mwishoni, baada ya wahusika. Katika Kirangi, kwa baadhi ya nyakati zijazo, kitenzi kikuu hutangulia na kitenzi kisaidizi kinachobeba nafsi kikafuata, mpangilio ambao ni adimu sana katika lugha za Kibantu; Mrangi anakitaja kwanza kitendo, ndipo anakuja nani na lini. Msandawe anayesimulia ajali ya beseni kwa lugha yake, kisha akageuka kumsimulia mgeni kwa Kiswahili, anaupanga upya ujumbe wake tangu mwanzoni, na anaufanya papo kwa papo akiwa amesimama juani.

Ujumbe ukishapangwa, bado maneno yenyewe hayajapatikana. Mtu mzima ana makumi ya maelfu ya maneno katika ghala lake, na anayachota mawili, matatu au zaidi kwa sekunde. Watafiti wengi wanakubali kwamba uchotaji huo una hatua mbili: kwanza hupatikana neno kwa maana yake na tabia zake za kisarufi, kisha ndipo huja sauti zake. Kwa kawaida hatua hizo zinafuatana kwa kasi kiasi kwamba hatuoni mwanya, isipokuwa siku neno linapotukalia kwenye ncha ya ulimi. Roger Brown na David McNeill walilichunguza hilo mwaka 1966, wakaona kwamba mtu aliyekwama mara nyingi anaijua herufi ya kwanza ya neno au idadi ya silabi zake, ingawa neno zima halimjii.

Sisi tuna chombo maridadi cha kuuonyesha mwanya huo, nacho ni "nanihii". Wageni hulichukulia kama kelele ya kujazia, lakini sikiliza linavyotumika. Mama wa zabibu, alipokuwa akimweleza mgambo aliyefika baadaye, alisema: "Alikuwa anakuja na spidi, nikamwambia punguza, hakunanihii." Neno la maana halikuwepo, lakini ukanushi ulikuwepo, nafsi ilikuwepo, wakati uliopita ulikuwepo, fremu ya sentensi ilisimama imara, na mahali pa neno pakawekwa kopo tupu kushikilia nafasi. Vivyo hivyo mtu husema "lile... lile nanihii" kabla ya kulipata "turubai", au "ule... ule" kabla ya kuupata "mpini". Nisingetoa mfano wa "kile... kile", maana hapo mtu anaweza kuwa anafikiria "kitu" tu. Lakini "lile" na "ule" haziji kwa bahati kiasi hicho: ngeli imeshajulikana huku sauti bado haijafika. Waitalia wameonyesha jambo linalofanana na hilo kimaabara. Mwaka 1997, Gabriella Vigliocco na wenzake walieleza kwamba wazungumzaji wa Kiitalia waliokwama kwenye ncha ya ulimi mara nyingi waliijua jinsia ya kisarufi ya neno ambalo hawakuweza kulitamka.

Makosa nayo yana mengi ya kufundisha. Kujikwaa ulimi, ambako wahenga waliona ni kubaya kuliko kujikwaa dole, hutokea mara chache kuliko tunavyodhani, takriban mara moja katika maneno 1,000. Vicki Fromkin, aliyekusanya makosa ya namna hiyo na kuyachambua mwaka 1971, alionyesha kwamba hayatokei ovyo. Mtu aliyetaka kusema "kitabu kipo mezani" anaweza kusema "meza ipo kitabuni". Tazama kilichohama na kilichobaki. Nomino mbili zimebadilishana viti. Kiambishi "ni" cha mahali hakikuhama na meza. Kimebaki mwishoni na kumpokea mgeni. Upatanisho nao umekubaliana na kiima kipya, ukawa "ipo" badala ya "kipo". Hii inamaanisha kwamba viti vya sentensi viliandaliwa kabla ya wanaovikalia, na kwamba upatanisho ulifanyika baada ya kosa, siyo kabla. Katika sekunde moja ya aibu umeonyeshwa utaratibu ambao kwa kuutazama moja kwa moja ungehitaji vipimo vya maabara.

Kuhusu muda, tarakimu zenyewe zinashangaza. Kuanzia kuona picha ya kitu hadi kuanza kutamka jina lake huchukua takriban milisekunde 600. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2009 ulioongozwa na Tanya Stivers, uliochunguza mazungumzo ya lugha 10, mojawapo ikizungumzwa Namibia, ulionyesha kwamba pengo kati ya swali na jibu kwa kawaida ni milisekunde 200 hivi. Hesabu haikubali: jibu linahitaji muda mara tatu ya pengo lililopo. Maelezo pekee ni kwamba tunaanza kuandaa jibu mwenzetu akiwa bado anazungumza, tukikisia atamalizia wapi. "Eeh" na "yaani" zetu, ambazo walimu wa ufasaha hutukataza, mara nyingi ni taarifa kwa msikilizaji kwamba zamu imeshikwa na mzigo uko njiani.

Utamkaji wenyewe, pamoja na makumi ya misuli inayohusika kuanzia kifuani hadi midomoni, nitaupita upesi, kwa sababu kwa mtu mzima ndio sehemu ya safari inayokwenda bila mawazo. Upande wa ubongo, historia yake huanzia Paris mwaka 1861, Paul Broca alipoeleza habari za mgonjwa aliyebakiwa na silabi "tan" tu kinywani huku akielewa mengi ya aliyoambiwa. Miaka 13 baadaye, Carl Wernicke alieleza wagonjwa wa aina nyingine, waliotiririsha maneno yasiyo na mantiki na kushindwa kuelewa. Leo tunajua kwamba kazi hiyo imegawanywa katika mtandao mpana zaidi ya sehemu hizo mbili, lakini familia yoyote iliyouguza mtu wa kiharusi inaujua ule uchungu wa kumwona mzee anayeelewa kila kitu na asiyeweza kusema.

Limebaki sikio la ndani. Rudi kwa kijana na sentensi yake: "Nimemwa... zimemwagika." Alianza na nafsi ya kwanza, mtenda akiwa yeye, kisha akakata katikati ya neno. Mwaka 1983 Levelt alichambua mamia ya masahihisho ya namna hiyo kutoka kwa Waholanzi waliokuwa wakieleza michoro ya vidoti vya rangi. Aliona kwamba watu huelekea kusimama mara tu wanapoligundua tatizo, na baadhi ya mikato huja mapema mno kiasi kwamba msemaji asingekuwa na muda wa kujisikia kwa masikio. Bila shaka msemaji aliikagua sentensi ikiwa bado ndani. Levelt aliona pia jambo lingine la kuvutia. Neno likiwa ni sahihi ila halitoshi, msemaji hulimalizia kwanza ndipo alirekebishe. Neno hukatwa katikati hasa pale ambapo lenyewe linahesabiwa kuwa ni kosa, na kwa kulikata msemaji anamwambia msikilizaji kwamba hilo si lake, asilihesabu.

Kwa kipimo hicho, kijana alikuwa amejaribu kutangaza kwa mkato mmoja kwamba "nimemwaga" ilikuwa ni ulimi tu. Mama, ambaye hakuhitaji maabara yoyote, alimtazama kutoka kwenye kofia ya pikipiki hadi kwenye ndala.

"Hiyo ya kwanza mbona hukuimalizia, mwanangu?"

Kijana hakujibu. Aliegesha pikipiki, akainama, akaanza kuokota.